Mwongozo Kamili wa Kutabiri Mawasiliano ya Pande Mbili Katika Mitandao ya Kijamii

Mtu anapomwandikia mwenzake kwa mara ya kwanza katika mtandao wa kijamii, ama atajibiwa ama hatajibiwa. Kutabiri ni lipi kati ya hayo mawili litatokea ni kazi yenye manufaa mengi: humsaidia mnunuzi kumpata muuzaji atakayemsikiliza, humsaidia mgeni kupata wenyeji wa kuzungumza naye, na humwonyesha mtengenezaji wa programu ni wapi watu wake wanapoteza muda wakisubiri. Nimeifanya kazi hii hapa Kigoma, nikiwasaidia vijana wanaotengeneza programu ya simu ya kuwaunganisha wauzaji wa dagaa na migebuka wa mwalo wa Kibirizi na wanunuzi wa mikoa mingine. Katika hatua zinazofuata nitatumia data ya wazi ambayo msomaji anaweza kuipakua na kuhakiki kila hesabu, na pale ambapo watu wa ziwani walinifundisha jambo ambalo data ile haikuwa nalo, nitalieleza.

Unahitaji kompyuta ya kawaida, lugha ya Python, na maktaba zake tatu za bure: pandas kwa majedwali, NetworkX kwa mitandao, na scikit-learn kwa modeli, yaani programu zinazojifunza kutabiri kutokana na data. Anayejua kusoma jedwali na kuandika programu fupi ataweza kufuata.

Hatua ya kwanza: amua jibu ni nini

Wengi huiruka hatua hii wakakimbilia modeli. Mimi naiona kuwa kubwa kuliko nyingine zote, na nitaeleza kwa nini.

Nilipoanza kuitazama data yetu, nilimwona muuzaji mmoja aliyekuwa akiandikiwa na wateja wengi, lakini yeye hakuwa amemwandikia mteja hata mmoja. Kwa kuhesabu meseji tu, huyo alikuwa mtu asiyejibu kabisa, na modeli yoyote ingempeleka mwisho wa orodha. Nilikwenda Kibirizi kumwona. Nilimkuta akigeuza dagaa kwenye chanja, magamba yamemganda hadi viwikoni, na simu yake imefungwa ndani ya mfuko wa plastiki uliotundikwa kwenye nguzo. Nilimwamkia, akaitikia, nikamweleza kilichonileta. Aliufungua mfuko, akafuta kidole gumba kwenye khanga, akanionyesha orodha ya simu alizopiga. Kila mteja aliyemwandikia alikuwa amempigia, mara nyingi siku hiyo hiyo, baada ya kuanua dagaa. "Mwanangu, kuandika kunanichelewesha," aliniambia. "Bei tunaelewana kwa mdomo."

Mama yule alikuwa miongoni mwa watu wanaojibu vizuri kuliko wote mwaloni. Aliyekuwa hajui kusoma jibu lake ni mimi. Tangu siku hiyo, kabla ya kuhesabu chochote, huwa ninawauliza watu wa mtandao husika maswali matatu, na ninakushauri uwaulize wa kwako.

Swali la kwanza ni njia: jibu hupita wapi? Ikiwa programu yako inatunza kumbukumbu za simu zilizopigwa kupitia kitufe chake, zihesabu pamoja na meseji. Ikiwa haitunzi, ongeza kitufe hicho kabla ya kuanza utafiti, kwa sababu hakuna modeli itakayorudisha taarifa ambayo haikuandikwa popote.

Swali la pili ni uzito wa jibu. Kijana anayemwandikia mtu mzima "Shikamoo" atapata "Marahaba" karibu kila mara, kwa kuwa salamu kwetu ni wajibu, lakini huenda mazungumzo yakaishia hapo. Je, hayo ni mawasiliano ya pande mbili? Kwa mtu anayechunguza heshima na mahusiano ya ukoo, naam. Kwa mnunuzi wa dagaa, bado. Njia salama ni kuwa na ngazi mbili: ngazi ya jibu, ambapo A anamwandikia B na B anarudisha, na ngazi ya mazungumzo, ambapo A anaandika tena baada ya B kurudisha. Anza na ya kwanza, kisha rudia kazi yote kwa ya pili na ulinganishe.

Swali la tatu ni muda: jibu likichelewa kiasi gani bado ni jibu? Chukua majibu yote uliyo nayo, kokotoa muda uliopita kati ya ujumbe na jibu lake, yapange kuanzia la haraka hadi la kuchelewa, kisha tazama ni lini majibu 90 kati ya kila 100 yalikuwa yamekwisha kufika. Hapo ndipo pa kuweka kikomo, lakini usikiweke kabla ya kuyajua maisha ya watu wako. Wavuvi wa dagaa wa Ziwa Tanganyika huvua kwa taa wakati wa giza, na mbalamwezi inapowaka taa zao hazikusanyi dagaa, hivyo hupumzika nchi kavu. Katika siku za giza mvuvi yumo majini usiku kucha, mara nyingi mahali ambapo simu haishiki, na asubuhi analala. Kikomo cha saa 24 kingekuwa kinapima mwezi, wala si utayari wa mtu kujibu. Sisi tuliweka siku saba, na tukahakikisha kwamba data ya majaribio inabeba angalau mzunguko mzima wa mwezi, yaani takriban siku 29 na nusu.

Ukishajibu maswali hayo, andika tafsiri yako kwa sentensi moja na usiibadilishe katikati ya kazi. Kwa mwongozo huu itakuwa hivi: jozi ni ya pande mbili ikiwa A alitangulia kumwandikia B, na B akamrudishia A ujumbe ndani ya siku saba.

Hatua ya pili: pata data na uisafishe

Kwa mazoezi, pakua data iitwayo CollegeMsg kutoka mkusanyo wa SNAP wa Chuo Kikuu cha Stanford. Ni meseji za faragha zilizotumwa katika mtandao wa kijamii wa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California kilichopo Irvine, Marekani, mwaka 2004. Ina watumiaji 1,899 na meseji 59,835 zilizotumwa katika siku 193. Faili lina safu wima tatu tu: namba ya mtumaji, namba ya mpokeaji, na muda. Hakuna majina wala maneno ya meseji, na hilo linapendeza, kwa sababu utaona jinsi mengi yanavyoweza kujulikana bila kusoma barua ya mtu.

Muda umeandikwa kama idadi ya sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 kwa saa ya dunia, UTC. Ugeuze kuwa saa ya mahali ambapo watu wanaishi. Hili ni jambo dogo kwa data ya Irvine na ni kubwa kwa Kigoma, ambako mteja anaweza kuwa ng'ambo ya ziwa, Kalemie au Uvira, au hapo Bujumbura, na kote huko saa iko nyuma ya yetu kwa saa moja. Zaidi ya hapo, mtu akikuambia huwa anajibu meseji saa tatu asubuhi, kompyuta inaiita saa 9. Ukisahau kugeuza unapolinganisha mahojiano na jedwali, utadhani watu wanakudanganya.

Baada ya hapo ondoa meseji ambazo mtu amejitumia mwenyewe, akaunti za mfumo, na matangazo yaliyotumwa kwa mamia ya watu kwa dakika chache. Ikiwa unatumia data ya watu wako mwenyewe hapa nchini, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Waeleze watu unachokusanya na sababu yake, badilisha namba za simu kuwa alama zisizomtambulisha mtu kabla data haijafika kwenye kompyuta ya uchambuzi, na usichukue maneno ya meseji kama huyahitaji. Kwa kazi hii huyahitaji.

Hatua ya tatu: pima hali ilivyo kabla ya kutabiri

Chora kila mtu kama nukta na kila "A alimwandikia B" kama mshale, hata kama alimwandikia mara mia. Katika CollegeMsg utapata mishale 20,296. Sasa sahau mwelekeo na uhesabu jozi za watu waliowahi kuandikiana kwa namna yoyote: ni 13,838. Tofauti ya namba hizo, 6,458, ndiyo idadi ya jozi ambazo mishale inakwenda na kurudi.

Hapa kuna mtego ambao nimewaona watu makini wakinaswa nao. Ukiuliza ni mishale mingapi imerudishwa, jibu ni 12,916 kati ya 20,296, yaani karibu asilimia 64. Ukiuliza ni jozi ngapi ni za pande mbili, jibu ni 6,458 kati ya 13,838, yaani karibu asilimia 47. Data ni ile ile, na kila hesabu ni sahihi kwa swali lake, ila jozi ya pande mbili huhesabiwa mara mbili katika ya kwanza na mara moja katika ya pili. Kitendakazi cha NetworkX cha kupima jambo hili hukupa ile ya kwanza. Sisi tunatabiri hatima ya jozi tangu ujumbe wake wa kwanza, kwa hiyo namba yetu ni ya pili, na ukiweka kikomo cha siku saba itashuka kidogo chini ya hapo kwa sababu majibu ya kuchelewa sana hayatahesabiwa.

Uwe mwangalifu vivyo hivyo unapolinganisha mitandao. Mwaka 2010 Haewoon Kwak na wenzake walichapisha uchunguzi wa Twitter nzima ya wakati ule, wakakuta kwamba ni asilimia 22.1 tu ya jozi zilizounganishwa ndizo zilizofuatana pande zote mbili. Hiyo ni hesabu ya jozi, hivyo inalinganishwa na 47, kamwe si na 64. Tena wao walipima kufuatana, jambo ambalo si sawa na kuandikiana: mtu humfuata mwanamuziki bila kutarajia chochote, lakini anayemwandikia muuzaji wa dagaa anasubiri.

Kuna pia swali la bahati. Katika mtandao wenye mishale mingi kupita kiasi, baadhi ingerudi hata kama watu wangeandikiana bila mpango. Diego Garlaschelli na Maria Loffredo walipendekeza mwaka 2004 kuondoa sehemu hiyo: chukua kiwango cha mishale iliyorudi, toa msongamano wa mtandao (yaani mishale iliyopo ni sehemu gani ya mishale yote ambayo ingewezekana), kisha gawanya kwa moja kutoa msongamano. Msongamano wa CollegeMsg ni 0.0056 tu, hivyo ile karibu asilimia 64, yaani 0.636, inabaki 0.634. Bahati haina nafasi hapo. Watu wale walijibiana kwa kukusudia.

Hatua ya nne: tengeneza jedwali la jozi, kila jozi kwa wakati wake

Panga meseji zote kwa muda. Kila mara A anapomwandikia B na hawajawahi kuandikiana kabla, fungua mstari mpya wenye A, B na muda huo. Kisha tazama siku saba zinazofuata: B akirudisha, andika 1, asiporudisha, andika 0. Mistari iliyofunguliwa katika siku saba za mwisho za data iondoe, maana hatujui mwisho wake, na kuiandikia 0 ni kumhukumu mtu kabla ya muda wake kwisha.

Kuanzia hapa kanuni ni moja: kila kitu utakachokijaza kwenye mstari lazima kiwe kilijulikana wakati ule A alipobonyeza kitufe cha kutuma. Ukihesabu marafiki wa B kwa kutumia data yote ya siku 193, umeingiza mambo ya baadaye, pengine hata jibu lenyewe unalotaka kulitabiri. Modeli itaonekana hodari ajabu mezani, na siku ya kuitumia itashindwa. Niliwahi kufurahia matokeo ya namna hiyo kwa siku nzima kabla ya kugundua kwamba mmoja wa majirani niliowahesabu kwa B alikuwa A mwenyewe.

Hatua ya tano: chagua vigezo

Kigezo chenye nguvu kuliko vingine katika kazi yetu kimekuwa tabia ya B mwenyewe: kati ya waliomwandikia kwanza huko nyuma, amewajibu wangapi? Lakini usitumie uwiano mtupu. Mtu aliyeandikiwa mara moja akajibu mara moja ana 1.00, na mtu aliyeandikiwa na watu 20 akawajibu 18 ana 0.90, ilhali sote tunajua ni nani wa kumtegemea. Mpe kila mtu mtaji wa kuanzia. Ukichukua wastani wa mtandao kuwa 0.47 na uzito wa watu watano wa kufikirika, unaongeza 2.35 kwenye majibu na 5 kwenye idadi ya walioandika. Yule wa kwanza anakuwa na 3.35 kwa 6, ambayo ni 0.56, wa pili anakuwa na 20.35 kwa 25, ambayo ni 0.81, na mgeni asiye na historia yoyote anaanza na 0.47, bila kupendelewa wala kuonewa. Katika hesabu hii ingiza tu ujumbe uliokwisha kutimiza siku saba, uwe ulijibiwa au haukujibiwa, la sivyo walioandika jana watahesabika kama waliopuuzwa, au majibu ya haraka yatapewa uzito usio wao.

Kigezo cha pili ni tofauti ya hadhi katika mtandao. Justin Cheng, Daniel Romero, Brendan Meeder na Jon Kleinberg walilichunguza jambo hili kwa meseji za Twitter mwaka 2011, wakaona kwamba kulinganisha hadhi ya wawili kunasaidia sana kutabiri kurudishiana. Kwa vitendo, gawanya idadi ya waliomwandikia A kwa idadi ya waliomwandikia B, ukiongeza moja juu na moja chini ili kukwepa sifuri, kisha chukua logi. Watu wanaolingana hujibiana kwa urahisi zaidi kuliko mtu asiyejulikana anayemwandikia mtu ambaye kila mmoja anamwandikia.

Kigezo cha tatu ni watu wanaowafahamu wote wawili, na hapa si kila mfahamiano ni sawa. Lada Adamic na Eytan Adar walionyesha mwaka 2003 njia ya kumpunguzia uzito mtu anayejuana na kila mtu: kila mfahamiano anachangia moja kugawanya kwa logi ya idadi ya watu anaowasiliana nao. Chukua A na B wanaofahamiana kupitia watu wawili, dalali wa mwaloni mwenye mawasiliano 40 na shemeji mwenye mawasiliano matatu tu. Kwa logi asilia, dalali anachangia 0.27 na shemeji 0.91. Hivyo ndivyo ilivyo hata nje ya kompyuta: kusema "nimetumwa na dalali" hakufungui mlango kama kusema "nimetumwa na shemeji yako". Kumbuka kwamba kitendakazi hiki katika NetworkX hakikubali mtandao wenye mishale, kwa hiyo kwanza igeuze kuwa mistari ya kawaida, ukitumia meseji za kabla ya muda wa mstari husika tu.

Vingine ni vyepesi: ni saa ngapi zimepita tangu B aonekane mara ya mwisho, ni saa ngapi ya siku kwa mahali alipo B, na A amewaandikia watu wapya wangapi ndani ya saa moja iliyopita. Hicho cha mwisho humtambua anayemwaga ujumbe mmoja kwa kila mtu, na watu humtambua pia, hawamjibu. Kwa Kibirizi tuliongeza umri wa mwezi kwa siku.

Hatua ya sita: gawanya kwa wakati, fundisha, pima

Usichanganye mistari kama karata ukachukua baadhi kwa bahati nasibu. Ipange kwa muda. Asilimia 70 za mwanzo zifundishe modeli, 15 zinazofuata zikusaidie kuchagua, na 15 za mwisho usizifungue mpaka siku ya hukumu. Acha pengo la siku saba kati ya sehemu na sehemu ili majibu ya sehemu moja yasiangukie katika nyingine. Ule wastani wa mtaji wa kuanzia nao uukokotoe kwa sehemu ya kufundishia peke yake.

Anza na regresheni ya lojistiki, modeli inayokipa kila kigezo uzito wake, uitwao mgawo, kisha kugeuza jumla kuwa uwezekano kati ya 0 na 1. Ina faida kwamba unaweza kusoma mgawo wa kila kigezo na kumweleza muuzaji kwa nini yuko pale alipo. Kisha jaribu msitu wa miti ya uamuzi, modeli inayojumlisha maamuzi ya miti mingi ya maswali ya ndiyo au hapana. Ikiwa msitu unaishinda regresheni kwa kiasi kidogo tu, mimi hubaki na regresheni, kwa sababu watu wana haki ya kuelezwa.

Kwa kipimo, asilimia ya kupatia haitoshi: katika mtandao ambao jozi 47 kati ya 100 hujibiana, anayesema "hatajibu" kila mara amekwisha kupatia 53 bila kujifunza lolote. Tumia AUC, ambayo maana yake ni hii: ukichukua kwa bahati jozi moja iliyojibiana na moja ambayo haikujibiana, kuna uwezekano gani kwamba modeli imeipa ya kwanza alama kubwa zaidi? Thamani ya 0.5 ni sawa na kurusha shilingi. Kisha pima ukweli wa alama zenyewe. Kusanya jozi zote zilizopewa alama karibu na 0.7, kama modeli inasema kweli, takriban saba kati ya kila kumi zitakuwa zimejibiana. Pima pia kwa makundi: wageni na wenyeji, wanaoandika na wanaopiga, siku za giza na siku za mbalamwezi. Wastani mzuri unaweza kuficha kundi zima linaloonewa.

Hatua ya saba: itumie bila kuwafungia watu mlango

Programu ikianza kupanga wauzaji kwa alama za modeli, walio chini hawaonekani, wasioonekana hawaandikiwi, na wasioandikiwa hawapati nafasi ya kuonyesha kwamba wanajibu. Baada ya miezi michache data itakuwa inathibitisha kile ambacho modeli yenyewe imekisababisha. Dawa tuliyoichagua ni kutenga nafasi moja katika kila kumi za orodha kwa muuzaji aliyechukuliwa kwa bahati nasibu, kuweka alama kwenye mistari hiyo, na kuitumia kuipima modeli upya kila baada ya mizunguko miwili ya mwezi. Alama zenyewe hatuwaonyeshi wanunuzi. Muuzaji peke yake ndiye anayeonyeshwa ya kwake, pamoja na vigezo vilivyoipandisha au kuishusha, na chini yake kuna kitufe cha kusema "nilijibu kwa njia nyingine". Kila kitufe hicho kinapobonyezwa, mmoja wetu humpigia simu muuzaji huyo na kumwuliza ni njia gani.